Jasho la Voi, Kijasho cha Wundanyi

Kiswahili kina jasho la aina nyingi. Kuna jasho lako, yaani kazi yako, na mtu akiifaidi bila kukulipa tunasema amekula jasho lako. Kuna jasho jekejeke, lile la kumwagika bila breki. Kuna hari, neno la Pwani linalobeba joto na jasho kwa pamoja. Halafu kuna kijasho chembamba. Hicho hakina shughuli na jua. Kinakutoka ukiitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ukisubiri matokeo ya KCSE, au ukiketi kwa mahojiano ya kazi mbele ya watu watano na kila mmoja ana kalamu mkononi.

Ukikaa Voi, tofauti hizi zinapotea haraka. Mji uko chini, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na nyika ya Tsavo imeuzunguka. Mchana wa Februari kila mtu analoa: konda, mama mboga, karani wa kaunti, mtalii anayengoja kuingia mbugani. Basi kijana akisema viganja vyake vinadondosha maji mpaka karatasi ya mtihani inachanika, mpaka simu inakataa alama ya kidole, mpaka anaogopa kupeana mkono kanisani, jibu analopewa ni moja: kwani si ni joto tu? Sote tunatoka jasho hapa.

Jibu hilo linasikika kama busara, lakini ndilo tatizo lenyewe. Kuna watu ambao jasho lao halitokani na joto. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikadiria kwamba huko ni karibu watu 3 katika kila 100. Madaktari wanaiita hali hii haipahidrosisi: mwili kutoa jasho kupita mahitaji yake. Ina matibabu, tena si moja. Ila historia ya matibabu hayo ina kituko ndani yake. Dawa iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya mkono uliolowa iligeuzwa kuwa aibu ya kila mtu, na wale wachache waliokuwa wagonjwa kweli wakapotea kwenye umati. Joto la Voi linawaficha kwa njia hiyohiyo kila siku. Tofauti ni kwamba joto halina nia mbaya.

*

Tuanze na mwili. Ngozi yako ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi zinatoa maji yenye chumvi kidogo, na maji hayo yakikauka juu ya ngozi yanaondoka na joto. Lita 1 ya jasho ikikauka yote inachukua takriban kilokalori 580. Mtu anayefanya kazi ngumu juani anaweza kupoteza zaidi ya lita 1 kwa saa. Bila mfumo huo hakuna ambaye angechimba vito Kasigau, kukata mkonge Mwatate au kusukuma mkokoteni pale sokoni Voi saa nane mchana. Mbwa anahema, sisi tunatoka jasho. Kusema ukweli, ni kipaji.

Mwaka 1934 mwanasayansi Mjapani Yas Kuno alichapisha kitabu kizima kuhusu jasho la binadamu. Jambo moja alilolieleza vizuri ni kwamba kuna jasho la namna mbili. La kwanza ni la joto: linatoka usoni, kifuani, mgongoni, na kazi yake ni kukupoza. La pili ni la akili: linatoka hasa kwenye viganja na nyayo, na kwapa nalo limo. Linaamshwa na hofu, presha, haraka, hata hesabu ngumu. Viganja havijali sana hali ya hewa. Na jasho hili la pili lina tabia moja ya kukumbuka: mtu akilala, linatulia.

Yaani Kuno alipima maabara kitu ambacho Kiswahili kilikuwa kimeshakipa jina. Jasho ni jasho, na kijasho chembamba ni kitu kingine.

Kuno alieleza pia kwamba tezi zote unazaliwa nazo, ila ngapi kati yake zitafanya kazi huamuliwa miaka michache ya kwanza ya maisha, kulingana na hali ya hewa ya mahali unapolelewa. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Voi akilowa mchana si mdhaifu. Mwili wake ulijiandaa mapema.

Hapo ndipo Taita Taveta inapokuwa maabara ya bure. Panda matatu Voi, pita Mwatate, anza zile kona za kupanda Wundanyi. Ni safari ya kama saa moja. Unatoka kwenye nyika unaingia kwenye ukungu, na juu zaidi kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Mwezi wa Julai watu wa huko wamejifunga masweta. Mwili uliokuwa na jasho la joto unakauka njiani. Mwili wenye haipahidrosisi haujui hata kama umebadilisha mji: viganja vinaendelea kudondosha ndani ya mfuko wa sweta. Jasho la Voi na kijasho cha Wundanyi si ugonjwa mmoja. Lile la kwanza si ugonjwa kabisa.

*

Historia ya sehemu hii iliandikwa kwa jasho la kwanza. Kabla ya reli, misafara kutoka Pwani ilikatiza nyika ya Taru, isiyo na maji, wapagazi wakibeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja, mpaka wakafika kwenye msitu wa Taveta na kupumzika. Mwaka 1896 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa. Mwanzoni mwa 1898 ilikuwa imeshaipita Voi na kufika mto Tsavo, kwa wale simba maarufu. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na 2,493 kati yao walikufa.

Kisha vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapeleke majeshi na maji dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameingia kutoka Moshi. Tarehe 12 Februari 1916, askari wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa nyika hii walishambulia kilima cha Salaita, katika joto na kiu, wakarudishwa nyuma. Nyuma ya kila jeshi walikuwepo wapagazi Waafrika. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Katika miaka hiyo yote hakuna tabibu aliyehangaika kukausha jasho la mtu. Wengi walitaka kulitoa. Homa ya malaria inapita hatua tatu: baridi ya kutetemeka, joto kali, kisha jasho. Jasho likija mgonjwa anapata nafuu, kwa hiyo watu wa mataifa mengi waliliona kama mlango ambao ugonjwa unapitia kutoka. Matabibu wa Ugiriki ya kale, na baadaye wa ulimwengu wa Kiislamu, walifundisha hivyo. Kwetu tulijifukiza: sufuria ya maji ya moto, majani ya mwarobaini, blanketi juu ya kichwa, vuta mvuke mpaka ulowe. Korona ilipoingia mwaka 2020, si unakumbuka vile watu walirudi chini ya blanketi lilelile? Jasho lilikuwa habari njema.

Jasho moja tu liliwaogopesha madaktari: lile la usiku. Mgonjwa wa kifua kikuu anaamka shuka limelowa chepechepe, hata kama usiku ni wa baridi. Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliwapa wagonjwa hao atropini, dawa inayotokana na mmea wa belladonna. Kweli jasho lilikauka. Lakini mdomo nao ulikauka, mboni za macho zikapanuka, moyo ukaenda mbio. Na kifua kikuu kilibaki palepale, kwa sababu jasho halikuwa ugonjwa, lilikuwa king'ora. Robert Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 ndipo king'ora kilipojulikana kinamlilia nani. Mpaka leo kwenye kliniki za Kenya utaulizwa: unakohoa? Una homa? Umepungua uzito? Unatoka jasho usiku?

Weka hiyo atropini kando kwanza. Itarudi.

*

Wazo la kukausha jasho la mtu mzima wa afya lilishika kasi Marekani. Mwaka 1888 ilitoka bidhaa iliyoitwa Mum, ya kupambana na harufu. Mwaka 1903 ikaja Everdry, yenye kloridi ya alumini, chumvi inayoziba mirija ya jasho. Lakini iliyobadilisha mambo ilitoka Cincinnati. Kulikuwa na daktari mpasuaji aliyetengeneza maji ya kupaka mikono yake isilowe wakati wa upasuaji. Sikiliza hapo: mikono, si kwapa. Binti yake, Edna Murphey, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, aliyajaribu kwapani, yakafanya kazi, akayaita Odorono. Mwaka 1912 aliyapeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City, na msimu wa joto ulimsaidia kuuza.

Haikuwa dawa tamu. Ilikuwa na asidi, iliwasha ngozi, ilikula nguo, na rangi yake nyekundu iliacha madoa. Lakini matangazo yake ya mwanzo, yaliyoandikwa na James Young wa kampuni ya J. Walter Thompson, yalikuwa na heshima fulani. Yaliitaja kama tiba iliyotoka kwa daktari, kwa ajili ya jasho la kupita kiasi. Kwa muda mfupi, mtu mwenye viganja vya maji alikuwa na nafasi gazetini: una hali inayojulikana, na kuna kitu cha kujaribu.

Shida ni kwamba wagonjwa ni wachache, na soko la wachache ni dogo. Kampuni ilipofanya uchunguzi iligundua kwamba wanawake waliifahamu Odorono, ila theluthi mbili hivi walisema hawaihitaji. Na walikuwa sahihi! Hawakuwa wagonjwa. Basi mwaka 1919 Young aliandika tangazo jipya katika jarida la Ladies' Home Journal. Hilo halikuzungumzia ugonjwa tena. Lilimnong'oneza msomaji kwamba huenda ananuka na hajui, na kwamba hata rafiki zake hawatamwambia. Wasomaji kama 200 walikasirika wakaacha kununua jarida. Mauzo ya Odorono yakapanda kwa asilimia 112, yakafika dola 417,000 mwaka 1920.

Hapo ndipo njia ilipopinda. Dawa ya wachache ikawa aibu ya wote. Na katika kupinda huko vitu viwili vilichanganywa ambavyo mpaka leo hatujavitenganisha: jasho na harufu. Jasho la kawaida, lile la maji na chumvi, karibu halinuki. Kikwapa kinatokea pale bakteria wa ngozi wanapokula jasho zito la tezi nyingine, zilizoko kwapani na sehemu za siri, zinazoamka wakati wa kubalehe. Deodoranti inashughulika na harufu. Dawa ya kuzuia jasho inashughulika na mirija. Ndiyo maana mtu mwenye haipahidrosisi anaweza kulowa kutwa nzima bila kunuka, na mwingine akawa mkavu kabisa na akanuka vizuri tu. Lakini mtaani hukumu ni moja: oga bwana. Mtu anaoga mara tatu kwa siku na bado anaambiwa aoge.

Aibu hiyo ilipanda meli. Sabuni ya Lifebuoy ilipigia debe herufi mbili, B.O., yaani harufu ya mwili, kama vile ni jina la ugonjwa. Katika makoloni ya Afrika biashara ya sabuni iliungana na wazo la kikoloni kwamba mwili wa Mwafrika lazima ufundishwe usafi, kana kwamba watu hawakuwa na mito, majivu, mafuta na desturi zao. Mwanahistoria Timothy Burke aliandika kitabu kuhusu jambo hilo nchini Zimbabwe, kilichotoka 1996, na ukikisoma ukiwa Kenya hutahitaji mkalimani. Fikiria kinaya chake: jasho lililobeba mizigo ya Taveta, likiwa juu ya shati la karani mjini, likawa kasoro ya kununuliwa dawa.

Na sasa sikia hii. Nenda duka la viungo lolote la Pwani, lile lenye mdalasini, ubani na udi, uulizie shabu. Utapewa jiwe jeupe linaloonekana kama barafu. Vinyozi hulipitisha pale wembe ulipokwaruza ili damu ikome. Wengine hulitumia kutuliza maji yenye tope. Wengine hulilowesha na kulipaka kwapani. Shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu, jamaa wa karibu wa kile kilichomo kwenye chupa ya dukani ya kuzuia jasho. Nguvu zake ni ndogo, lakini wazo ni lilelile, na liliingia nyumbani bila kumwambia mtu kwamba marafiki zake wanamsengenya.

Upande wa alumini ulirudi mikononi mwa madaktari mwaka 1975, pale Walter Shelley na Harry Hurley wa Philadelphia walipoeleza namna ya kuitumia ipasavyo: kloridi ya alumini ya asilimia 20, ipakwe usiku, kwenye ngozi kavu kabisa, ioshwe asubuhi. Kwa nini usiku? Kwa sababu ukilala tezi zinatulia, na chumvi inapata nafasi ya kuingia kwenye mrija na kuuziba. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunapaka asubuhi, ngozi ikiwa bado na maji ya kuoga, kisha tunakimbilia matatu. Chumvi ikikutana na maji juu ya ngozi inatengeneza asidi, kwapa linawasha, jasho linaisukuma nje, na tunasema dawa ni feki. Na zile habari kwamba inaleta saratani ya matiti? Utafiti uliofanywa mpaka sasa haujathibitisha hilo.

*

Kuna watu ambao alumini haiwatoshi. Kwao tiba zilikuja kwa njia za kando, karibu zote zikitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine.

Kisu kilitangulia. Mwaka 1920 Anastas Kotzareff wa Geneva alikata mishipa ya fahamu inayopita kando ya uti wa mgongo, ile inayopeleka amri ya kutoa jasho, ili kumtibu mtu mwenye jasho la kupindukia. Leo upasuaji huo unafanywa kwa tundu dogo na kamera kifuani, na mikono inakauka papo hapo. Lakini kuna bili inayofuata. Mwili ukizuiwa huku unatokea kule: mgongo, tumbo na mapaja vinaanza kulowa, wakati mwingine vibaya kuliko mikono ilivyokuwa. Madaktari wanaiita jasho la fidia, na mishipa ikishakatwa hairudi. Mtu wa Stockholm anaweza kuvumilia mgongo uliolowa ndani ya koti. Mtu wa Voi anapaswa kufikiria mara tatu.

Ukaja umeme. Mwaka 1968 daktari wa Marekani, Fred Levit, alichapisha maelezo ya kifaa rahisi: mgonjwa anatumbukiza viganja kwenye trei za maji ya kawaida, na umeme mdogo sana wa betri unapitishwa. Ukirudia mara kadhaa kwa wiki, jasho linapungua; ukiacha, linarudi. Haifai kwa mjamzito wala mtu mwenye kifaa cha moyo. Na tafadhali usije ukajitengenezea kwa waya wa soketi, hiyo si tiba, ni mazishi.

Kisha sumu. Kati ya 1817 na 1822, daktari mmoja wa Ujerumani aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, alichunguza watu waliokufa baada ya kula soseji zilizoharibika. Alijionjesha sumu hiyo mwenyewe. Aliona kwamba inalegeza misuli na kukausha mate, machozi na jasho, akaandika kwamba huenda siku moja ikawa dawa ya mwili unaotoa majimaji kupita kiasi. Alitangulia wakati wake kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1895 Emile van Ermengem wa Ubelgiji alimpata bakteria mhusika. Mwaka 1934 Henry Dale na Wilhelm Feldberg walionyesha kwamba mishipa inawasiliana na tezi za jasho kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya soseji, ilikuja kujulikana, inazuia kemikali hiyohiyo isitoke. Mwaka 1980 Alan Scott wa San Francisco alichapisha matokeo ya kuitumia, kwa kiasi kidogo mno, kunyoosha macho yenye makengeza. Na mwaka 1994 Bushara na Park waliripoti kwamba wagonjwa waliodungwa kwa ajili ya misuli ya uso inayocheza walikuwa wameacha kutoka jasho pale walipodungwa. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha Botox kwa jasho kali la kwapa. Ndiyo, Botox ileile tunayoijua kwa nyuso za watu maarufu. Inafanya kazi kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita au zaidi, kisha unarudi, na bei yake si ya mchezo.

Mwisho, vidonge, na hapa ndipo atropini inarudi. Oksibutinini, dawa ya kibofu, na glaikopirolati, iliyokuwa ya vidonda vya tumbo, ni ndugu wa atropini kwa kazi. Zinazuia asetilikolini mwili mzima, kwa hiyo jasho linapungua kila mahali. Zinawasaidia wengi. Lakini rudi kwenye zile kilokalori 580. Mtu aliyekaushwa mwili mzima, akitembea Voi saa nane mchana au akiendesha boda kwenda Maungu, amezima mfumo wake wa kupoza. Joto la mwili linaweza kupanda mpaka limwangushe. Kidonge kilichoandikwa na daktari wa nchi ya baridi, au kilichopendekezwa na mtu TikTok, hakijui nyika ya Tsavo. Mwambie daktari unaishi wapi na unafanya kazi gani, na kama kazi yako ni ya juani, kidonge kinaweza kisikufae.

*

Madaktari bingwa wa ngozi wa Kenya wengi wako Nairobi na Mombasa, na ni rahisi kudhani kwamba Taita Taveta iko mbali na elimu hii. Lakini angalia ramani upande wa pili. Ile reli ya vita ya 1915 ilisonga mpaka ikaungana na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi. Na Moshi hiyo, ng'ambo tu ya mpaka wa Taveta na Holili, katika hospitali ya KCMC, ndiko kiliko kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi, RDTC, kilichofunguliwa mwaka 1992. Kazi yake ni kuwafunza wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika watibu ngozi mahali ambapo bingwa hayupo. Wazo lenyewe ni kwamba huhitaji profesa kwa kila ngozi. Unahitaji mtu wa zahanati anayejua maswali sahihi.

Na maswali yenyewe si mengi. Lilianza lini? Haipahidrosisi ya kawaida huanza utotoni au ujanani, na mara nyingi kuna ndugu mwingine anayo. Linatoka wapi? Mara nyingi ni pande zote mbili sawasawa: viganja vyote, nyayo zote, makwapa yote. Ukilala linakoma? Likikoma, vizuri. Lisipokoma, likiwa linalowesha shuka, au likianza ghafla ukubwani, au likiwa la mwili mzima pamoja na kukonda, homa, moyo kwenda mbio au kiu isiyoisha, basi ni king'ora, na kinachotafutwa si dawa ya jasho bali ugonjwa ulio nyuma yake: kifua kikuu, tezi ya shingo, kisukari, au dawa nyingine unayotumia. Daktari akitaka kuona jasho kwa macho, kuna njia ya Victor Minor ya mwaka 1928: paka iodini, nyunyiza unga wa wanga, na pale panapolowa panageuka bluu iliyokoza. Vitu hivyo vinapatikana popote.

Kama si king'ora, ngazi inaanzia chini: alumini usiku, kwenye ngozi kavu, kwa wiki kadhaa. Ikishindikana, trei za maji na umeme kwa mikono na miguu, au sindano kwa kwapa. Vidonge kwa tahadhari ya jua. Kisu mwisho kabisa, na mkononi uwe umeshasoma kuhusu jasho la fidia.

Hakuna hata hatua moja katika hizo inayoanza mpaka mtu aaminiwe. Kwa hiyo rafiki akikuambia viganja vyake vinamsumbua, muulize tu: ukilala? Na ukipanda Wundanyi, kwenye ukungu, ukiwa umevaa sweta? Akisema huko nako analowa, huyo hasumbuliwi na joto, na sasa mko wawili mnaojua.